Mshika Mkono

Usijifanye hukuwepo. Ulikuwepo. Ulimsindikiza mama yako, au shemeji yako, au jirani asiye na mtu, mpaka kwenye ule mlango wa bluu. Hapo mlangoni dada mwenye koti la kijani akakwambia, "Wewe subiri nje," nawe ukafurahi. Ndiyo, ulifurahi. Ulisikia sauti mle ndani, sauti ya mtu anayekabwa huku yuko macho, ukachomeka visikilizi masikioni ukaendelea na mambo yako. Dakika nne tu, wakakutolea mtu wako akiwa anatabasamu. Ukamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nililala tu." Ukatosheka. Hukuuliza kwa nini koo la mtu aliyelala linakauka kwa kupiga kelele.

Miaka tisa umekuwa huulizi. Basi kaa hapo usikie habari za huyo dada mwenye koti la kijani.

*

Jina lake Tusekile Mwaisaka, na kazi yake iliitwa mshika mkono.

Kituo kilikuwa juu ya mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Watu wa huko wamekunywa chai ya moto wa kubabua tangu enzi za babu zao, na makoo yao yanawalipa kwa hilo. Mtu anaanza kwa kukwamwa na ugali. Baada ya mwezi anakwamwa na ndizi. Baadaye anabaki na uji, halafu maji, halafu anabaki na kiu. Dawa ipo, ila kansa ya umio inataka kukamatwa mapema, na ili kuikamata lazima kitu kiingie mdomoni, kishuke kooni, kipite umio wote mpaka tumboni, kiangalie, kimege vipande vidogo vya nyama, kitoke.

Zamani daktari alisukuma bomba kwa mikono yake. Sasa alikuwepo Kambale. Jina hilo alipewa na wagonjwa wenyewe, maana alikuwa mweusi, laini, mnene kama kidole cha mwisho, na alitambaa mwenyewe. Alikuwa na taa na jicho kichwani, na akili yake haikumtegemea mtu aliyesimama kando ya kitanda.

Alipoletwa, watu waligoma. Walikaa barabarani siku mbili kwenye mvua wakisema kitu kinachotembea chenyewe ndani ya mtu lazima kiwe na namna ya kuambiwa basi. Shirika lililomleta likakubali, sheria ikaandikwa: mgonjwa akiinua mkono juu ya kifua, jicho la darini linauona, na Kambale anasimama papo hapo. Watu wakashangilia, wakarudi kuchuma chai.

Mwaka uliofuata, kila kituo kikaajiri mshika mkono.

Unaelewa? Hakuna aliyefuta sheria. Sheria iko ukutani mpaka leo, imewekewa kioo. Walichofanya ni kuajiri mwanamke mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, akae upande wa kulia wa kitanda na kuushika mkono wa mgonjwa kwa mikono yake miwili. Kwa upendo. Kwa nguvu. Mkono ukitaka kupanda, haupandi.

Na ili mgonjwa asiende kusimulia, akachomwa Sahau.

Tusekile alifundishwa Sahau siku yake ya kwanza, kwa maneno mepesi kama ya kufundishana kupika maharage. Ganzi ya kupuliza inaua hisia ya koo. Dawa za usingizi za zamani zilimlegeza mtu akasinzia, na nyingine zilimsahaulisha kidogo. Sahau haimlegezi mtu wala haimlazi. Inazuia tu kilichotokea kisihifadhiwe. Mtu yuko macho, anasikia kila kitu, anakataa kwa kila kiungo alichonacho. Akishuka kitandani, halikuwahi kutokea.

Kwa Tusekile lilitokea. Mara nane kwa siku. Mwaka wa tatu vidole vyake vilianza kufa ganzi, na mwaka wa tano aliegemeza kiganja kwenye sufuria ya moto akajua kwa harufu. Hakulia. Alifunga kitambaa, kesho yake akaenda kazini.

*

Asubuhi hiyo, kama kawaida, aliwapanga wagonjwa kwenye benchi akawapitia mmoja mmoja. Alianza na mzee Angolwisye, aliyevaa makoti mawili.

"Shikamoo baba. Umetia chochote mdomoni tangu jana usiku?"

"Marahaba. Sijala kitu."

"Hata chai?"

"Chai nayo ni kitu? Kikombe kimoja, cha rangi. Na baridi hii ulitaka nije nimeganda kama samaki wa dukani?"

"Cha rangi kabisa?"

"Maziwa kidogo." Mzee akakohoa. "Na kiazi. Kimoja. Cha kusindikiza chai."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akasema, "Kiazi kimekuchongea, mzee! Ulidhani kitajificha huko?"

"Baba, koo likishakufa ganzi halijui tena njia ipi ni ya chakula na ipi ni ya pumzi," Tusekile akasema. "Hicho kiazi kikipanda kinaingia kwenye mapafu. Saa sita bila kula, saa mbili za mwisho bila hata maji. Rudi kesho na njaa yako."

"Si mngeniambia mapema!"

"Karatasi ulipewa."

"Karatasi niliwashia moto wa kuchemshia chai," mzee akasema, akaondoka akijicheka.

Aliendelea. Nani anameza dawa za kuyeyusha damu? Mseme sasa, maana tukimega nyama damu isipoganda ni balaa. Nani ana kisukari? Nani ana meno ya bandia? Yatoeni, yafungeni kwenye leso. Nani amekuja peke yake? Leo usiendeshe pikipiki, usiinjike sufuria jikoni, usitie sahihi kwenye karatasi ya mtu. Alisema hayo yote kwa sauti ileile, kama anasoma orodha ya vijiji. Yote yalikuwa kweli. La mkono hakulisema.

Halafu akawatuma wasindikizaji. Huo ulikuwa utaratibu wa kituo: msindikizaji anapewa cheti akachukue dawa kwenye duka la barabara ya chini, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda, hata kama dawa zimejaa kabatini. Shirika halikupenda watu wenye masikio makali kwenye benchi; waliojiziba masikio, kama wewe, waliachwa.

*

Wa tatu kuingia chumba cha maandalizi alikuwa Gwantwa Mwakipesile, fundi cherehani, miaka sitini na nane. Alikuja na wifi yake Enelesi, ambaye alishatumwa dawa. Gwantwa alikuwa amekonda mpaka mkufu ulimlalia kwenye mashimo ya shingo. Miezi mitatu nyuma alikula ugali. Sasa hata uji ulikuwa unapita kwa kusukumwa na maji.

"Shikamoo mama. Panda kitandani nikuchome sindano ndogo ya mkononi."

"Marahaba mwanangu. Sindano ya nini?"

"Ya kukutuliza."

"Sitaki."

Tusekile akaweka bomba la sindano chini. "Mama, wote wanachomwa."

"Mwaka juzi nilichomwa." Gwantwa akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kahawia, ile ya kukatia vielelezo vya nguo, imekunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya goti. Ilichorwa mkono wa kulia, umefuatishwa kwa kalamu kidole kwa kidole, na katikati ya kiganja na pembeni mwake kulikuwa na alama nane ndogo, kila moja mfano wa mwezi mchanga.

"Nilitoka humu nikicheka," Gwantwa akasema. "Wifi ananiuliza, nasema nililala. Jioni nashika mkasi, mkono unauma. Naangalia, kucha. Si zangu, mimi fundi, kucha zangu nakata kila Jumapili. Nikajichora kabla hazijapona. Fundi haamini kichwa, anaamini kipimo." Akalaza karatasi mezani. "Weka vidole vyako hapo."

Tusekile hakusogea.

"Weka, mwanangu. Sikuumi. Sina hata meno, yamo kwenye leso."

Akaweka. Mikono miwili, kama alivyozoea. Kila kidole kilitua kwenye alama yake.

Nje mtu alikuwa anapiga chafya.

"Kwa hiyo nilikataa," Gwantwa akasema.

"Ndiyo."

"Nilikataa sana?"

"Mama, ulikataa mpaka mwisho."

Gwantwa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa vipimo vya nguo na kuona vinalingana na alivyokisia. "Ndaga," akasema, akishukuru kwa Kinyakyusa. "Sasa nisikilize. Kipimo nakitaka. Nataka kujua kama nakufa. Lakini nataka niwepo wakati wa kujua. Sindano sitaki. Mkono wangu usiushike."

*

Daktari Mwakatobe alisimamia vituo sita kutoka mjini, kupitia vioo vya kompyuta. Sauti yake ilitoka kwenye spika ya ukutani, imechoka, haina ubaya.

"Haiwezekani, Tusekile. Bila Sahau atainua mkono."

"Kipimo kinafanyika kwa ganzi ya koo peke yake, daktari. Zamani walifanya hivyo. Anaruhusiwa kuchagua."

"Zamani daktari alikuwa na dakika kumi na tano za kumbembeleza mtu mmoja. Nikuulize. Kabla ya washika mikono, kituo chako kilirudisha wangapi nyumbani bila kipimo? Watu mia moja na kumi, mwaka mmoja. Wangapi wako hai?"

Mmoja wao alikuwa baba yake Tusekile. Aliinua mkono, Kambale akasimama, sheria ikaheshimiwa, na baba akarudi nyumbani akijisifu kwamba amelishinda dude la wazungu. Msimu wa mvua uliofuata walimzika, mwili mwepesi kama mganda wa nyasi. Tusekile aliomba kazi hii siku ya arobaini. Aliomba ashike mikono ya watu kwa sababu hakuna aliyeushika wa baba yake.

"Hakuna anayekumbuka," daktari akasema. "Sasa umemuumiza nani?"

"Mimi nakumbuka."

"Basi tatizo ni wewe. Ipo dozi ya Sahau ya watumishi pia, unajua. Ukitoka zamu. Wenzako vituo vingine wanaitumia, wanalala vizuri."

Tusekile aliutazama mkono wake wa kulia juu ya meza. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kuitumia. Hakupata jibu, na kukosa jibu hakukumtisha, na hilo ndilo lililomfanya asimame.

"Namwingiza bila sindano," akasema.

*

Alimpulizia ganzi kooni mara mbili. "Itakuwa chungu, meza. Utahisi kama koo limevimba na mate hayapiti. Hayajakwama, ni ganzi inadanganya. Ina dakika ishirini, na siwezi kukuongezea leo, ikizidi inagusa moyo."

Akamlaza ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, taulo chini ya shavu. Akamwekea kidude cha plastiki cha kung'atia, chenye tundu katikati.

"Kambale anapita hapa. Njia ya pumzi ni nyingine, haizibi. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo, polepole. Mate usimeze, yaache yamwagike. Atapuliza hewa tumbo lifunguke, utajisikia kubeua. Beua, hakuna wa kukuona vibaya. Pale kooni mwanzoni ndipo pagumu, utataka kutapika na hutatapika. Ukitaka asimame, inua mkono. Mkono wako ni huu. Mimi wangu nimeuweka hapa chini, wazi. Ukiutaka, ushike wewe."

Kambale akaingia.

Gwantwa alikakamaa. Machozi yalimtoka bila kulia, yale ya mtu aliyemeza pilipili. Akabeua, akabeua tena. Tusekile alikuwa anamwambia: sasa uko kooni, sasa umepita, hapo umekwisha ugumu, sasa ni umio, vuta kwa pua. Kwenye kioo palionekana handaki la waridi, linang'aa. Kisha, karibu na mlango wa tumbo, waridi likaisha. Palikuwa na kitu cheupe kilichokunjamana, kimebana njia mpaka Kambale akajipunguza ili apite.

"Hapo," daktari akasema. "Vipande sita. Mega."

Mkono wa Gwantwa ukapanda.

Haukupanda kwa hasira. Ulipanda wima, vidole vimenyooka, kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Jicho la darini likageuka jekundu. Kambale akasimama. Kwenye kioo namba zikaanza kuhesabu kushuka: sitini, hamsini na tisa.

"Shika mkono," spika ikasema.

Tusekile alikuwa ameutazama mkono ule ukipanda mara elfu ishirini kwenye viganja vyake, na hakuwahi kuuona ukiwa juu.

"Tusekile. Bonyeza tu. Vidole viwili. Utamwua kwa adabu zako."

Ilikuwa kweli. Foleni ya aliyekataa ilikuwa miezi minne, na miezi minne huyu mama hakuwa nayo. Vidole viwili. Akainama mpaka sikioni pa Gwantwa.

"Mama, kuna kidonda. Kibaya, nadhani. Bado hatujamega nyama, na bila nyama hospitali kubwa hawaanzi dawa. Kumega hakuumi. Dakika mbili. Ukishusha mkono tunaendelea. Ukiuacha juu anatoka. Siushiki."

Ishirini. Kumi na tisa. Macho ya Gwantwa yalikuwa wazi, yanamwangalia. Mkono haukushuka. Tatu, mbili, moja.

Kambale akarudi nyuma, akatoka, akajikunja kwenye beseni lake.

Gwantwa alikohoa, akatema, akafutwa mdomo. Alihema kwa muda. Tusekile alikuwa amesimama akiangalia ukuta, anasubiri kuhisi jambo, na halikuja jambo.

"Kumbe anasimama kweli," Gwantwa akasema, sauti imepinda kwa ganzi. "Nilitaka kuona kama anasimama." Akajilaza tena ubavu wa kushoto, akauweka mkono pajani. "Haya. Mrudishe. Amege."

*

Mashine ikakataa. Mkono ulioinuliwa mpaka sekunde ya mwisho ulikuwa umeandikwa kuwa ni kukataa, na aliyekataa anarudi mwisho wa foleni.

"Anataka mwenyewe," Tusekile akasema. "Umemsikia."

"Nimemsikia, na mfumo haunisikilizi mimi wala wewe," daktari akasema. Kwa mara ya kwanza alionekana kutafuta kitu kwenye karatasi zake. "Kuna kifungu. Cha wale waliogoma kwenye mvua, hakuna anayekitumia. Mgonjwa akitamka kwamba anataka aendelee, na mtu asiye mtumishi wa kituo akaingia, akataja jina lake, akashuhudia kwa macho yake mpaka mwisho, Kambale anafunguka. Yuko na nani?"

"Wifi yake. Ametumwa dawa."

"Na nani kamtuma?"

"Mimi," Tusekile akasema.

Spika ikauliza ganzi imebakiza muda gani. Dakika tisa.

Tusekile akaufungua mlango wa bluu mpaka mwisho, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika. Kwenye benchi walikuwepo wagonjwa waliobaki, na nyuma yao watu waliopita kujikinga na mvua, na mlinzi, na wewe. Wote mliweza kumwona yule mama kitandani, shavu juu ya taulo, mate yanamtoka, mkono juu ya paja.

"Nahitaji mtu mmoja," Tusekile akasema. "Si daktari. Mtu yeyote. Aingie, aseme jina lake, asimame pale aangalie mpaka mwisho. Atamsikia akikoroma na atamwona akitokwa machozi, na akiinua mkono tena atauona. Kazi yake ni kutotoka. Basi, hakuna kingine."

Mlinzi akajishughulisha na funguo. Yule mama aliyemcheka mzee wa kiazi akasema presha yake haimruhusu. Mwingine akasema yeye hajui mambo ya kitaalamu. Dakika nane.

Mimi sikuulizi kama una utaalamu. Sikuulizi unamjua au humjui. Una macho mawili na jina. Chomoa hivyo vitu masikioni, weka chini mwavuli, nawa mikono kwenye lile bomba la kushoto. Mlango uko wazi na mama amelala pale akijua kila kitu, anasubiri mtu wa kujua pamoja naye. Inuka. Ingia ndani. Taja jina lako.